Bima ya Afya: Uliza Hospitali Kabla ya Kuuliza Bei

Ajenti alinikuta dukani Rongo, jua la saa nane likiwaka, napimia fundi misumari. Alikuwa na shati jeupe, faili begani na maneno matamu. "Milioni mbili za kulazwa, mzee wangu. Milioni mbili!" Nilizipigia hesabu hizo milioni mbili hadi nikasahau kumpa fundi chenji yake. Jioni nikalipa.

Wiki saba baadaye, Jumamosi saa nne usiku, kitinda mimba wetu akawa moto kama jiko, anatapika hata maji. Tukapanda boda hadi hospitali iliyo dakika kumi kutoka nyumbani. Karani wa zamu akaigeuza kadi mbele na nyuma, akabonyeza kompyuta, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu zote: "Hii hatuichukui, baba. Labda ujaribu Kisii."

Kisii! Saa nne usiku, mtoto begani. Nikalipa kwa M-Pesa, malaria ikatibiwa, milioni mbili zangu zikarudi nyumbani mfukoni bila kuguswa.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwulizaji maswali sugu. Mimi si ajenti wala sina shemeji anayeuza bima. Haya ni yale niliyojifunza kwa kuzunguka madirisha ya bima kuanzia Isebania hadi Kendu Bay, mengine kwa gharama yangu mwenyewe.

1. Anza na hospitali, kampuni itafuata

Chukua karatasi uandike hospitali tatu. Ya kwanza ni ile utakayoikimbilia usiku, mvua ikinyesha na boda ni moja tu stendi. Ya pili ni ile yenye chumba cha upasuaji na daktari wa kukitumia. Ya tatu ni ya rufaa, utakapopelekwa mambo yakizidi. Kwa mtu wa Migori mjini, orodha inaweza kuwa na Hospitali ya St. Joseph ya Ombo, ile ya rufaa ya kaunti, kisha Kisii au Kisumu. Wa Sori ataiweka St. Camillus ya Karungu juu kabisa. Wa Kendu Bay ana hospitali ya Waadventista pale pale mjini. Wa Homa Bay anayo hospitali ya kaunti ya mafunzo na rufaa, na Kisumu iko umbali wa kilomita mia hivi.

Ukishamaliza, nenda mwenyewe kwenye hizo mbili za kwanza. Usitegemee orodha iliyochapishwa kwenye kijitabu cha kampuni, maana vijitabu huchapishwa mara moja na mikataba na hospitali huvunjika katikati ya mwaka. Tafuta dirisha la bima. Na swali lisiwe "Mnachukua bima fulani?" Hapo utajibiwa "ndiyo" na utaondoka ukiwa umefurahi bure. Uliza hivi: "Mnachukua kadi ya mtu binafsi ya kampuni hii, au ni ya wafanyakazi wa mashirika peke yake? Mnaichukua kwa matibabu ya nje na kwa kulazwa, au kwa moja tu?" Kampuni moja inaweza kuwa na kadi tano tofauti, na hospitali ikakubali mbili.

Halafu msogelee karani kidogo, hasa asubuhi kabla ya foleni, umwulize swali la tatu: "Kadi gani huwasumbua sana kupata idhini?" Karani wa dirisha la bima ndiye mtu anayezijua kampuni hizi kuliko yeyote katika kaunti. Yeye ndiye hukaa na simu sikioni saa mbili akisubiri kampuni iseme mgonjwa alazwe au asilazwe. Nimewahi kuonyeshwa daftari lenye safu ya saa: saa ombi lilipotumwa, saa jibu lilipokuja. Kampuni moja ilikuwa ikijibu kwa dakika arobaini. Nyingine iliombwa asubuhi na kujibu magharibi. Hayo huyakuti kwenye tangazo lolote.

Wakazi wa visiwani, wa Mfangano, Remba na Ringiti, wana swali lao la nyongeza: gari la wagonjwa mnaloahidi linaanzia wapi? Ahadi ya ambulansi huwa ni ya barabara. Boti ya kutoka Mfangano hadi Mbita ni juu yako, isipokuwa mkataba useme vingine kwa maandishi. Na wapo watu wa Muhuru Bay wanaovuka hadi Shirati, Tanzania, kwa kuwa ni karibu na wana jamaa huko. Kadi nyingi za kibinafsi huishia mpakani, au hulipa ng'ambo kwa dharura tu, tena kwa njia ya kurudishiwa pesa baada ya kuwasilisha risiti. Uliza kabla ya kuvuka.

2. Lipa SHA kwanza

Najua, umechoka kuisikia. Lakini sikiliza. SHA, ile mamlaka ya serikali ya bima ya afya ya jamii, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kadi nyingi za kibinafsi zimeandikwa zikitarajia kwamba SHA yako iko hai. Ukilazwa, kampuni hukata kwanza kile ambacho SHA ingelipa, kisha yenyewe inalipa kilichobaki. Kama hujalipa SHA, lile pengo unalijaza wewe. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka huo, kitanda cha hospitali ya ngazi ya nne kililipiwa shilingi 3,360 kwa siku na cha ngazi ya tano 3,920. Laza mtu siku nane ngazi ya nne, zidisha: 26,880. Hizo zinaweza kukutoka mfukoni na huku una kadi ya bei ghali.

Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Wa 40,000 anakatwa 1,100 kila mwezi. Asiye na mwajiri hujibu maswali kuhusu maisha ya nyumbani kwake, mfumo ukampangia kiasi kisichopungua 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo. Hapo ndipo mwuza omena anaposhika kichwa, na ndiyo maana ukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Ukibonyeza *147# unajisajili ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

Kuna faida nyingine ambayo watu huisahau: kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali, aliyejisajili anatibiwa magonjwa ya kawaida bila kulipa, hata kama bado hajachanga. Dawa zikiwepo, bila shaka. Zisipokuwepo, duka la dawa liko ng'ambo ya barabara na unajua bei yake.

Hii haimaanishi kwamba SHA inatosha. Februari 2025 hospitali za kibinafsi zilizo katika chama cha RUPHA zilitangaza kusimamisha huduma za SHA kwa sababu ya madeni, na wagonjwa wakaambiwa walipe taslimu. Mwenye kadi ya pili alipumua. Chukulia SHA kuwa msingi wa nyumba na bima ya kibinafsi kuwa kuta. Anayejenga kuta bila msingi anajua wapi zitaangukia.

3. Fungua daftari la mwaka jana

Kabla ya kununua matibabu ya nje, jua unatumia kiasi gani kwa mwaka. Toa taarifa ya M-Pesa, tafuta majina ya zahanati na maduka ya dawa, jumlisha. Nilipofanya hivyo, mimi, mke na watoto watatu, nilikuta malaria mara saba, kikohozi mara nne, jino moja, na kidonda cha mguu ambacho kilitibiwa na mwuguzi jirani kwa soda mbili. Jumla haikufika elfu ishirini na tano. Ajenti alikuwa akinitaka niongeze elfu arobaini ili familia ipate matibabu ya nje.

Sehemu ya matibabu ya nje mara nyingi ni pesa zako mwenyewe zinazotoka mbele na kurudi polepole, zikiwa zimepunguzwa gharama za ofisi na kamisheni. Kampuni inajua kwamba mtu wa kanda ya ziwa ataugua malaria. Hiyo si bahati mbaya kwetu, ni ratiba. Jambo la uhakika haliwekewi bima kwa bei nafuu. La kuwekewa bima ni lile ambalo huenda lisije, lakini likija linauza ng'ombe: upasuaji, ajali, figo, saratani, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati.

Kwa hiyo, kama pesa ni chache, maoni yangu ni haya: nunua kulazwa kwa nguvu, uache matibabu ya nje. Zile elfu arobaini ziweke kwenye akaunti ndogo isiyoguswa kwa karo wala kwa harusi. Hesabu hubadilika ikiwa nyumbani kuna mtu wa presha au kisukari anayemeza dawa kila siku, au watoto wadogo wanne waliofuatana. Daftari lako ndilo litakalosema, si jirani.

Na ukiamua kuchukua ya nje, uliza kuhusu kile kiasi ambacho mgonjwa hulipa mwenyewe kila akienda. Kikiwa shilingi elfu moja kwa kila ziara, na kipimo cha malaria pamoja na dawa mtaani kwenu vinagharimu pungufu ya hapo, umenunua kadi ya kukusindikiza kulipa.

4. Soma ukurasa wa yasiyolipiwa ukiwa hujashiba

Ukiwa umeshiba utasinzia. Kila mkataba una ukurasa wa mambo ambayo kampuni haitalipia, nao ndio mkataba wenyewe. Kurasa nyingine ni mapambo.

Kwetu kuna mambo matatu ya kutafuta kwa kidole.

Selimundu. Ugonjwa huu wa kurithi umejaa kanda yetu ya ziwa, na familia nyingi zina mtoto anayeumwa viungo na kuongezewa damu mara kwa mara. Kampuni nyingi huuweka chini ya "magonjwa ya kuzaliwa nayo", ambayo ama hayalipiwi kabisa ama yana kikomo kidogo sana. Mama mmoja wa Ndhiwa tuliyekaa naye benchi moja Homa Bay alinionyesha kadi ya bintiye: kulazwa nusu milioni, magonjwa ya kuzaliwa nayo elfu hamsini. Binti alikuwa amelazwa mara mbili na zile elfu hamsini zilikuwa zimekwisha mwezi Aprili. "Ile nusu milioni ni ya nani basi?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Kama una mtoto wa selimundu, kikomo hicho kimoja ndicho cha kulinganisha kampuni na kampuni. Mengine yote yaweke kando.

Virusi vya Ukimwi. Migori na Homa Bay zimo miongoni mwa kaunti zilizoathirika zaidi nchini, kwa hiyo tuseme bila kunong'ona. Kampuni nyingi siku hizi hulipia, lakini huweka jambo hili pamoja na magonjwa sugu, chini ya kikomo chake na kipindi chake cha kusubiri. Dawa zenyewe za ARV zinatolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Unachokinunua ni kulazwa na vipimo vya mambo mengine.

Ajali za boda. Ajali kwa kawaida hulipiwa tangu siku ya kwanza, bila kusubiri. Lakini tazama kama kuna sharti kuhusu leseni, ulevi au kofia ya usalama. Mwendeshaji wa boda anayeweka bima bila leseni ya pikipiki huenda ananunua ugomvi.

Na wewe nawe sema ukweli kwenye fomu. Ajenti anaweza kukwambia, "Usiandike presha, itapandisha bei." Ukilazwa kwa kiharusi mwaka ujao, hospitali itaandika "mgonjwa wa presha kwa miaka sita", kampuni itaomba faili, na ajenti hatapokea simu. Jaza fomu kwa mkono wako mwenyewe, uipige picha kurasa zote kabla hajaondoka nayo.

5. Kipindi cha kusubiri: hesabu kwa kalenda

Ugonjwa wa kawaida, mara nyingi siku thelathini. Magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga, mara nyingi mwaka mzima. Kujifungua, miezi kumi hadi kumi na miwili. Tofauti za kampuni hadi kampuni zipo, kwa hiyo soma yako.

Kwa hesabu hiyo, anayenunua bima akiwa na mimba ya miezi mitatu ananunua kwa ajili ya mtoto wa pili. Ni heri aangalie SHA, ambayo kwa viwango vya 2024 ililipa 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, aulize hospitali itatoza kiasi gani juu ya hapo, aanze kuweka akiba hiyo.

Ukichelewa kulipia mwaka wa pili, hata kwa wiki chache, saa inaweza kurudishwa sifuri na ukaanza kusubiri upya. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani.

6. Ndani ya milioni kuna vijisanduku

Zile milioni mbili zilizonipumbaza zilikuwa na milango ndani yake. Tuchukue mfano wa kubuni, namba za mviringo. Kadi inasema milioni moja. Ukifungua: magonjwa sugu laki mbili, kujifungua kwa upasuaji elfu themanini, meno na macho elfu kumi kila kimoja, magonjwa ya akili laki moja, chumba cha wadi ya watu wengi tu. Mtu wa kisukari anayeingia hospitali na mguu ulioharibika hana milioni. Ana laki mbili, na zikiisha mgonjwa bado yuko kitandani.

Sasa uliza swali moja zaidi: milioni hiyo ni ya nani? Kuna kadi ambapo familia nzima inachota kwenye chungu kimoja. Kuna nyingine ambapo kila mmoja ana chungu chake. Ajenti wataziita zote "bima ya familia". Mkiwa watano, kadi ya laki tano kwa kila kichwa inaweza kuwa na maana kuliko ya milioni ya pamoja, hasa kama mmoja wenu ni mgonjwa wa mara kwa mara. Atachota yeye, na siku mwingine akianguka kutoka kwenye mwembe, mtakwaruza chini ya chungu.

Ajenti huhesabu familia kwa "M plus": M plus tatu ni wewe na watu watatu. Mwenye wake wawili asidhani mke wa pili anaingia kwa bei ile ile kwa sababu bwana ni mmoja. Anahesabiwa kichwa, na kampuni nyingine humtaka awe na mkataba wake mwenyewe.

7. Uliza bei ya mwaka wa tatu

Bei ya mwaka wa kwanza ni ya kukuchumbia. Mwambie ajenti akuonyeshe jedwali zima la umri, si mstari wako tu. Utaona ngazi: bei hupanda kwa kurukaruka unapovuka umri fulani. Ukiwa na miaka 39 angalia bei ya 40. Kwa wazazi ni kali zaidi. Kampuni nyingi hazimpokei mtu mpya aliyepita miaka 60 au 65, ingawa aliyeingia mapema huendelea. Kama unataka kumweka nyanya kwenye kadi, usisubiri apate presha ndipo umkumbuke.

8. Pesa ziende kwa kampuni, na kampuni iwe hai

Leseni za kampuni, ajenti na mabroka hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ambayo watu wengi huiita IRA. Orodha ya wenye leseni imewekwa wazi kwenye tovuti yake. Tafuta jina la ajenti kabla hujamkaribisha chai.

Malipo yaende kwenye nambari ya Paybill ya kampuni, akaunti ikiwa jina lako au nambari ya mkataba wako. Asiwepo mtu wa kukwambia "Nitumie kwa laini yangu nikulipie ofisini." Sheria ya bima ya Kenya inataka malipo yaifikie kampuni ndipo ibebe mzigo wako. Pesa zikilala kwenye simu ya ajenti, huna bima, una urafiki tu.

Uhai wa kampuni nao ni jambo la kweli. Aprili 2022 kampuni ya Resolution, iliyokuwa na wateja wengi wa bima ya afya, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria, na walioilipia wakajikuta na kadi zisizokubalika. Upo Mfuko wa Kufidia Wenye Bima kwa ajili ya mikasa kama hiyo, na kikomo cha fidia yake kimekuwa shilingi 250,000. Lakini fidia huja kwa mwendo wa kobe, nayo haisaidii saa nne usiku. Dalili ya mapema utaipata pale pale kwenye kidokezo cha kwanza: hospitali mbili tatu zikianza kuikataa kadi kwa wakati mmoja, hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kulipia mwaka mwingine.

9. Nunueni kama kikundi, kama kikundi kipo

Chama cha wanawake wa soko la Oyugis, kikundi cha boda wa Awendo, kamati ya ufuo, wakulima wa miwa, kwaya: mkijipanga, kampuni huzungumza nanyi kwa sauti nyingine. Bei kwa kichwa hushuka na wakati mwingine vipindi vya kusubiri hulegezwa, kwa kuwa mzigo unagawanywa kati ya wagonjwa na wazima. Lakini kampuni hutaka kikundi kilichokuwepo kwa sababu nyingine, chenye cheti cha usajili. Kikundi kilichoundwa jana jioni na wagonjwa kumi na wawili hakimdanganyi mtu.

Mweka hazina awe mwaminifu na mwenye kelele. Nilikuwa katika kikundi kimoja ambapo wanne walichelewa kulipa na kadi za wote ishirini na sita zikafungwa. Tulijua hivyo mmoja wetu alipofika maabara.

10. Usimwachie mtoza ushuru chako

Anayelipa kodi ya mapato na kununua bima ya afya anapunguziwa kodi kwa asilimia 15 ya alicholipia bima, na punguzo hilo halizidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Ukilipa 48,000, unaokoa 7,200. Dai cheti cha bima kutoka kwa kampuni, mpe anayeandaa mishahara kazini kwenu au ukiweke mwenyewe kwenye iTax unapowasilisha marejesho. Watu wengi wa huku hawadai. Hiyo ni pesa ya mbolea.

11. Namba ukutani, si kwenye simu iliyozimika

Andika kwa kalamu nene nyuma ya mlango: nambari ya mkataba, simu ya dharura ya kampuni, na jina la ile hospitali ya kwanza. Hakikisha kila mtu wa nyumbani ameshawekwa alama za vidole kama kampuni inazitaka, na ambaye kidole hakisomeki, kama mama yangu aliyevuna mtama miaka hamsini, apewe njia nyingine mapema. Nilimwona akibonyeza kile kidude mara tisa, karani akimfutia kidole kwa kitambaa, kidude kinasema hakimtambui. "Kinisome vipi," akasema, "alama zote nimeziacha shambani."

Mgonjwa akilazwa kwa dharura, piga simu siku hiyo hiyo. Mikataba mingi hutoa saa 24 au 48. Omba jina la aliyepokea na nambari ya kumbukumbu.

12. Na ile ya mazishi?

Utauziwa pia kipengele cha gharama za mazishi. Sikikatazi, kwa sababu huku kwetu tunajua jinsi ng'ombe, hema, jenereta na basi la waombolezaji vinavyokula pesa. Ila nimegundua jambo moja linaloniudhi: kundi la WhatsApp la kumchangia mgonjwa hujaa polepole, la matanga hujaa kabla ya jua kuzama. Kama bajeti inabana na lazima uchague, ongeza kikomo cha kulazwa. Majirani wataleta hema.

Yule ajenti wangu alirudi mwezi uliopita, shati jeupe lile lile. Safari hii alikuwa na kampuni nyingine na milioni tatu. Nikamtolea kiti na karatasi yangu yenye hospitali tatu, nikamwambia apige simu palepale, kwenye spika, aulize kama kadi yake inakubaliwa, ya nje na ya kulazwa. Ya kwanza ikapokelewa. Akauliza. Karani akamwambia, "Subiri kidogo, ndugu." Tulisubiri. Fundi aliyekuja kununua misumari naye akasimama kusikiliza, nyundo mkononi.

"Ya kulazwa tunachukua," karani akasema hatimaye. "Ya nje tulisimamisha mwezi Juni."

Ajenti akakata simu, akafunua kijitabu chake, akalitafuta jina la ile hospitali kwa kidole mpaka akalipata. Akatoa kalamu, akalichorea mstari.

"Tupige ya pili?" akaniuliza.

Nikamsogezea soda.